Hadithi fupi za kutisha na njozi kuhusu kifo: maiti haitishi, anayekufa ndiye anayetisha (leteni zenu tuzichambue)

Mkesha (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Kwa muda sasa nasoma hadithi fupi za kutisha ambazo watu wanaandika wenyewe na kurushiana kwenye simu. Nazisoma taa ikiwa imezimwa, kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba nalala vizuri tu. Karibu zote zinaanza na mvua na radi, katikati kuna msichana mwenye nguo nyeupe anaomba lifti, na mwisho mtu anaambiwa "huyo mbona alishakufa miaka mitano iliyopita". Nikifika hapo nageukia ukutani nakoroma.

Nimejiuliza sana, na jibu langu ni hili, nipingeni: mwandishi anamwogopa anayekufa, kwa hiyo anamruka. Anaanza na mzima, anaruka, anatua kwa mzimu. Pale katikati mtu anapokata roho pameachwa wazi, na hofu yote iko pale pale. Mzimu ameshamaliza safari, hana cha kupoteza. Anayekufa ana kila kitu, na anakipoteza mbele ya macho yetu, kimoja baada ya kingine.

Lugha yetu yenyewe inalijua hili. Tuna "kufa", sawa, lakini tuna pia "kukata roho". Anayekata ni nani? Ukisema "amekata roho", mkataji ni yeye mwenyewe. "Kufariki" ni kuachana. "Kuaga dunia" kunataka muda wa kuaga. Aliyekufa ghafla hakuaga chochote, tunamsitiri tu kwa maneno. Na tuna neno zima, sakarati, kwa ajili ya zile saa za mwisho peke yake. Neno lipo, na sisi waandishi tunalipita kama hatulioni.

Halafu kuna "hajafa". Ile -ja- ndiyo silabi inayonitisha kuliko mizimu yote. "Hafi" ingekuwa faraja. "Hakufa" ni habari ya jana iliyokwisha. "Hajafa" maana yake ni bado. Mwambie mtu aliyetulia zake, "mama yako hajafa", uone uso wake utakavyobadilika, ingawa umemwambia habari njema.

Na methali nazo ni walimu wazuri wa kuandika, tusizidharau. "Kifo cha wengi harusi": ndiyo maana hadithi inayoua watu kumi na wawili haiogopeshi, wa nne tu akianguka msomaji ameshaanza kushangilia. Ua mmoja, polepole. "Msiba wa kujitakia hauna kilio": hii ni kwa wale wanaoandika kuhusu mtu anayeomba marehemu wake arudi. Usitafute kumliza msomaji hapo, mtie wasiwasi, kwa sababu huyo muombaji kajitakia na msomaji anajua.

Naanza mimi. Msinionee huruma.

HESABU

Daktari alisema ni usiku huu au kesho. Nikavuta kiti.

Mama alikuwa anapumua kwa mafungu. Anavuta, anavuta kwa nguvu zaidi, zinafifia, kisha kimya. Kwenye kile kimya nikaanza kuhesabu, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Moja, mbili, tatu. Kwenye kumi na mbili akavuta. Nikashukuru. Kimya kingine, kumi na tano, akavuta.

Saa nane za usiku nikagundua kitu. Nikipotewa na hesabu, havuti. Nikianza upya kutoka moja, anavuta. Nilijaribu mara mbili ili nihakikishe. Mungu anisamehe, nilijaribu na ya tatu.

Tangu hapo sikuthubutu kukosea. Ishirini. Arobaini. Mia moja na tatu, akavuta. Muuguzi aliingia, akamshika mkono, akatazama saa, akasema pole dada. Nikamwonyesha kwa kidole: subiri. Mia sita na kumi. Ndugu walifika wakaanza kulia, nikawanyooshea kiganja wanyamaze. Wakanishika mabega wakanitoa nje. Elfu tatu na mia nne.

Wanasema ni huzuni, itapita. Wananipa maji, nakunywa huku midomo inacheza. Mama kazikwa juzi. Mimi najua nilichosikia. Mara ya mwisho alivuta kwenye elfu sitini na mbili na saba, na wakati huo walikuwa wameshasawazisha udongo.

Sasa niko laki mbili na kitu. Sijalala. Nikiacha kuhesabu, atakufa.

---

Jicho Moja

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu umenitia matatani, sasa hivi nimelala namsikiliza mke wangu anavyopumua na nimefika tatu.

---

Mbishi Halali

Laki mbili, kwa sekunde moja moja, ni siku mbili na saa saba na nusu hivi, kwa hiyo "juzi" inakubali. Nimepiga hesabu nikitumaini kukukamata, nimekukosa.

Lakini nadharia yako siikubali. Watu wanasoma hadithi za kutisha ili washtuke kisha wacheke. Ukinipeleka kitandani kwa mgonjwa hunitishi, unanisikitisha, na hizo ni biashara mbili tofauti. Mimi nataka mzimu. Nataka mlango ufunguke wenyewe. Huyo wa nguo nyeupe unayemdharau amefanya kazi miaka mingi kuliko wewe na kalamu yako.

---

Mkesha

Mbishi, mlango ufunguke, sina ugomvi. Swali ni nani alikuwa anaufunga kabla hajafa, na aliufungaje. Ukinionyesha mtu ana desturi ya kuusukuma mlango kwa goti kwa sababu mikono imejaa, halafu baada ya mazishi mlango ukasukumwa kwa chini, usawa wa goti, hapo sitalala. Mzimu bila kifo chake ni mtu aliyejipaka unga.

---

Zamu ya Usiku

Mimi kazi yangu ni wodini, zamu za usiku, na nimekaa na wengi hadi mwisho. Hadithi ya Mkesha nimeisoma mara mbili. Kupumua kwa mafungu ni kweli kabisa. Kumepewa majina ya madaktari wawili, John Cheyne aliyekueleza mwaka 1818 na William Stokes mwaka 1854. Kile kimya kinaweza kufika nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Na ndugu wanahesabu, wengi kweli. Midomo inacheza kama ulivyoandika, nimeiona.

Sasa naomba niwaseme wengine, kwa sababu mnatuletea maiti za ajabu. Maiti haikakamai pale pale. Kukakamaa huanza baada ya saa mbili hadi sita, kwenye kope na taya kwanza, kunashuka mwili mzima, kunakamilika kama kwenye saa ya kumi na mbili, na baada ya siku moja au mbili mwili unalegea tena. Fikirieni hilo jambo kama waandishi: kuna saa ambayo marehemu wako analegea upya, baada ya kila mtu kuzoea kwamba amekuwa gogo. Kwa nini hakuna anayelitumia?

Nywele na kucha haziendelei kukua. Ngozi ndiyo inakauka na kurudi nyuma, kucha zinaonekana ndefu. Ukiandika kwamba zimekua, nakufunga. Na kumfumba marehemu macho kwa kupitisha kiganja mara moja, kama kwenye filamu, mara nyingi hakufanyi kazi. Kope zinarudi. Nusu nusu.

Damu nayo ikishasimama inatuama chini, kwa uzito wake. Aliyelala chali, mgongo unakuwa na rangi ya zambarau, isipokuwa pale mwili ulipokandamiza kitanda. Baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi ile rangi haihami tena. Kwa hiyo ukimkuta mtu kalala kifudifudi na rangi iko mgongoni, kuna aliyemgeuza baadaye. Au kajigeuza. Hapo chagueni wenyewe.

La mwisho, hili nililiona siku moja na hadi leo sipendi kulisimulia. Mtu ambaye ubongo umekufa kabisa, madaktari wamethibitisha, mashine ya kupumulia inapoondolewa, anaweza kunyanyua mikono yote miwili na kuikunja kifuani. Ni uti wa mgongo unaofanya vile, si yeye. Hali hiyo wameipa jina la Lazaro. Tunajua ni uti wa mgongo. Tulikuwa watu watatu chumbani, wote tunajua, na wote tulirudi nyuma hatua moja.

---

Jicho Moja

Dada, shikamoo. Mimi nafunga kambi yangu polepole.

---

Kalamu Butu

Zamu ya Usiku amenipa ujasiri wa kusema kitu cha sarufi. Msikimbie.

Mnajua ubishi wa siku zote kuhusu neno maiti: "maiti alizikwa" au "maiti ilizikwa"? Zote mbili mtazisikia. Wengine wanashikilia kwamba ni mtu, achukue a-. Wengine wanasema utu umeondoka, achukue i-. Kwa mwandishi wa hadithi za kutisha ubishi huu ni zawadi. Someni hii:

"Maiti ililetwa saa tatu usiku. Ililazwa mezani. Ilifunikwa shuka. Saa nane ikasikika sauti ya shuka, na mlinzi akainua macho. Alikuwa amegeuka."

Hakuna damu, hakuna radi. Kilichobadilika ni herufi moja, i- kuwa a-. Msomaji anatetemeka kabla hajajua kwa nini. Na ukitaka kuandika kufa kwenyewe, geuza mwelekeo: aya tatu "alipumua, alitazama, aliomba", aya ya nne, sasa ni mwili tu, "ulilala, ulipoa, ulibebwa". Huna haja ya kuandika neno "alikufa" popote.

---

Mkesha

Kalamu, hii naiandika ukutani. Watu wanatafuta maneno makali, "kutisha", "kuogofya", "damu ikachuruzika", na kumbe kiambishi kimoja kinatosha.

---

Mzee wa Rafu

Vijana, niongeze ya vitabuni kidogo, ya kuthibitisha hoja ya mwenye uzi.

Mwaka 1845 Edgar Allan Poe alichapisha kisa cha mtu aliyelazwa usingizi wa kuamrishwa wakati akiwa anakata roho. Anabaki amelala hivyo miezi, na anapoulizwa anajibu kwamba ameshakufa. Hakuna mzimu, hakuna nyumba iliyolaaniwa. Kiliandikwa kama taarifa ya kitabibu, saa kwa saa, taya, ulimi, mapigo ya moyo, na wapo wasomaji wa wakati ule walioamini ni tukio la kweli. Hofu ilikaa kwenye kile kipande mnachokiruka.

Karne ile watu walihofu sana kuzikwa wakiwa hai, na hofu hiyo haikuishia kwenye hadithi. Mwaka 1897 Karnice-Karnicki, aliyekuwa mtumishi wa ikulu ya mfalme wa Urusi, alitengeneza jeneza lenye bomba la hewa na mpira uliowekwa juu ya kifua cha marehemu. Kifua kikitikisika hata kidogo, bomba linafunguka, bendera inapanda na kengele inalia juu ya kaburi. Wazo la huruma kabisa. Kasoro yake ni kwamba mwili unaooza nao unavimba na kusogea. Hebu kaa hapo na hilo: usiku, kengele inalia makaburini, na huwezi kujua ni kipi kati ya viwili mpaka ufukue.

---

Zamu ya Usiku

Mzee, nilikuwa nakula.

---

Mbishi Halali

Nakiri kengele imenigusa. Lakini uzi unasema "kutisha na njozi", na mpaka sasa mmeongea kutisha tu. Njozi, zile hadithi za ulimwengu wa kufikirika, iko wapi? Au kwenye njozi mtaniletea yule bwana mwenye joho jeusi na mundu?

---

Mkesha

Hapo nilikuwa nakuja. Kwenye njozi kosa ni lingine. Kule Kifo anapewa joho na sauti nzito, lakini hapewi sheria. Anaua anapotaka, anamwacha anayemtaka kwa sababu shujaa kasema maneno mazuri. Mimi nasema Kifo wa njozi bila sheria ni mwizi tu. Sheria inapaswa kuwa ndogo, ieleweke kwa mtoto, na ivunjike mara moja tu, kwa gharama.

Wajerumani, ndugu wawili wa Grimm waliokusanya ngano, wanayo moja kwenye mkusanyo wao wa mwaka 1812. Kifo anakuwa baba wa ubatizo wa kijana, anamfanya tabibu. Sheria: ukiniona nimesimama kichwani pa mgonjwa, mpe dawa, atapona, ukiniona miguuni, ni wangu. Basi. Msomaji yeyote, hata wa miaka saba, anaanza kufikiria pale pale: je, akimgeuza mgonjwa? Na kijana anamgeuza mgonjwa. Hadithi imejiandika yenyewe kutokana na sheria moja. Akishageuza mara ya pili anapelekwa pangoni kwenye mishumaa, kila mshumaa uhai wa mtu, na wake umebaki kipande.

Kwa hiyo mwenye njozi alete sheria yake kwanza.

---

Kalamu Butu

Ninayo. Nimeitoa kwenye "kukata roho" ya post ya kwanza, kwa hiyo lawama zote kwa Mkesha. Sheria: kila mtu ana uzi, anaukata mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kugusa uzi wa mwenzake.

MKASI

Kijijini kwetu mkasi ni mmoja, unaning'inia kwenye kizingiti cha nyumba ya katikati. Siku yako ikifika kitovu kinawasha. Unakwenda kuuchukua mkasi, unakaa, unavuta uzi kutoka kitovuni mpaka uone ncha. Hapo unakata. Wengine uzi wao ni shubiri moja, wanakata wakiwa watoto. Bibi yangu alivuta kuanzia asubuhi hadi jua la utosini, akakata huku anatabasamu. Uzi wake ulikuwa wa kijani.

Babu alikaa siku ya Jumatatu. Uzi wake mweupe. Akavuta hadi jioni, ncha haikuonekana. Tukamletea taa. Akavuta usiku kucha, uzi ukajaa chumba, tukawa tunaupita kwa kunyanyua magoti, maana hauguswi.

Jumatano uzi ukabadilika, ukawa wa kijani. Babu akasimamisha mkono. Akaunusa. Akalia, kisha akaendelea kuvuta taratibu, kama mtu anayepapasa nywele. Ulikuwa mrefu, ule wa kijani. Bibi alikata mapema mno, nikawaza. Au haukuwa wake wote aliokata.

Alhamisi ukaja wa manjano. Baba yangu alikuwa na uzi wa manjano. Watu wakaanza kutoka chumbani mmoja mmoja. Mkasi ulikuwa mapajani mwa babu, na mkono wake wa kulia haukuugusa.

"Babu," nikamwambia, "kata."

"Sijaiona ncha," akasema. Hakuwa anasema uongo.

Ijumaa alfajiri rangi ya manjano ikaisha. Mimi nilikuwa nimebaki peke yangu naye. Kilichofuata kutoka kitovuni mwake kilikuwa chekundu, na babu akainua macho akanitazama muda mrefu, mkono umeshika uzi.

Halafu kitovu changu kikaanza kuwasha.

---

Jicho Moja

Uzi ndani ya uzi. Na mimi hapa najikuna. Mwendelezo tafadhali, usituache na arosto.

---

Mkesha

Usilete mwendelezo hata kidogo! Kalamu, hapo hapo.

Nimependa kwamba babu si mbaya. Sheria inasema mtu akate akiiona ncha, naye hajaiona; anaifuata sheria hadi inamla mjukuu. Sentensi moja ningeiondoa: "Hakuwa anasema uongo." Niache nisijue. Nisipojua, namwangalia babu kwa macho ya yule mjukuu, siwezi kumpokonya na siwezi kuondoka.

---

Kalamu Butu

Nimebishana na nafsi yangu dakika kumi juu ya sentensi hiyo. Inabaki. Kama babu anadanganya, ni hadithi ya mzee mwenye tamaa, tumeziona. Kama anasema kweli, hakuna mkosaji, na mimi hadithi isiyo na mkosaji ndiyo inayoninyima usingizi.

---

Mzee wa Rafu

Kalamu yuko sahihi. Mkesha, safari hii umekosa.

---

Mkesha

Shikamoo mzee. Nimekosa.

---

Mbishi Halali

Haya, basi na mimi. Nilisema watu wanataka kushtuka na kucheka. Methali: kufa kufaana.

"Mwanasheria alisoma wosia. Nyumba kwa kaka, shamba kwa dada. Mimi niliachiwa kikohozi."

Nimemaliza.

---

Zamu ya Usiku

Mbishi!! Umekuwa unajificha wapi? Hii naipeleka kwa wenzangu wa zamu.

---

Mkesha

Nimecheka, nikanyamaza, nikagusa kifua. Maneno kumi na mawili. Naondoa kila nilichosema juu yako, isipokuwa kuhusu msichana wa nguo nyeupe.

---

Jicho Moja

Naomba nami nijaribu, msinicheke. Nimekulia karibu na maji, na kuna methali moja naipenda lakini ni ya uongo: mfa maji haachi kutapatapa. Watu wanadhani anayezama anapiga kelele na kurusha mikono juu. Anayezama kweli hana sauti. Mdomo unazama na kuibuka, akiibuka anawahi hewa tu, hana nafasi ya kuita. Mikono inakandamiza maji pembeni, hawezi hata kupunga. Kwa mtu mzima inaweza kuwa sekunde ishirini hadi sitini, basi, anazama. Watu wako hatua chache wanaongea.

"Watoto walikuwa wanapiga kelele majini, kwa hiyo nilijua wako salama. Nikawahesabu ili nijiridhishe: watano wanapiga kelele. Walioingia walikuwa sita. Nilipotazama tena, wote sita walikuwa wanapiga kelele, na mmoja alikuwa ananiita kwa jina ambalo sikuwahi kuwaambia."

---

Mkesha

Jicho, ungeishia kwenye "Walioingia walikuwa sita". Hapo nilikuwa nimekufa kabisa. Sentensi ya mwisho imenifufua, kwa sababu imeleta mzimu wakati maji peke yake yalishatosha.

---

Jicho Moja

Dah. Kweli. Nafuta.

Hapana, siifuti, watu wajifunze.

---

Zamu ya Usiku

Kabla sijaingia kazini: mna methali nyingine inayonisumbua. Sikio la kufa halisikii dawa. Najua maana yake, ni la mtu asiyeonyeka. Lakini sikio la kufa lenyewe, lile la kitandani, linaweza kuwa linasikia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha utafiti wa kupima ubongo wa wagonjwa waliokuwa wanakaribia mwisho na hawaitiki tena. Kwa baadhi yao ubongo ulikuwa bado unaitikia sauti, karibu sawa na wa mtu mwenye afya. Kama wanaelewa kinachosemwa, hilo ni jambo jingine. Lakini mimi tangu zamani huwa nawaambia ndugu waongee tu.

Na nimeona wengi wanaongea kuhusu urithi wakiwa wamesimama pale pale kichwani. Mkitaka hadithi ya kutisha, hiyo hapo, haina haja ya njozi.

---

Kimya Kingi

Habari zenu. Huwa nasoma tu, siandiki.

Nilifiwa na mama si muda mrefu. Nilipoona kichwa cha uzi nilikasirika, nikafungua ili nije kuwatukana. Nikasoma HESABU.

Mimi nilihesabu. Sikujua kama watu wengine wanahesabu. Nilifika kumi na tisa. Kisha nikanyanyuka nikatoka na chupa, nikasema nakwenda kujaza maji.

---

Mkesha

Pole sana dada, au kaka, samahani sijui. Kama uzi unakuumiza sema tu, nitaomba ufungwe.

---

Kimya Kingi

Dada. Usifunge. Nimegundua napenda hadithi za kutisha kuliko maneno ninayoambiwa na watu. Watu wananiambia amepumzika. Hadithi hazijaniambia hivyo.

---

Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, nikuambie kitu ambacho tunakiona sana. Wengi wanaondoka wakati ndugu ametoka kidogo. Ametoka kupokea simu, ametoka kwenda chooni. Sina maelezo ya kitaalamu. Ila usijibebeshe ile chupa.

---

Kalamu Butu

Dada, sikulazimishi, na kama nimevuka mpaka nisamehe. Iandike hiyo chupa. Hapa hapa, kwa fupi. Tutaisoma kama hadithi, hatutauliza.

---

Kimya Kingi

Nimejaribu. Sijawahi kuandika.

CHUPA

Bomba lilikuwa linatoa maji kidogo kidogo. Nilifurahi. Nilipata sababu ya kukawia.

Nilijaza hadi juu kabisa, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Niliporudi walikuwa wameshamfunika. Mtu akanipokea begi, mwingine akanishika, na chupa ilibaki mkononi mwangu siku nzima. Nilizika nayo mkononi.

Nyumbani niliiweka kabatini, rafu ya juu, nyuma ya shuka zake. Sijaifungua. Kifuniko bado kina ule ukanda wa plasta niliouzungushia siku ile ili isivuje.

Saa zake za mwisho mdomo ulikuwa umekauka sana. Tulikuwa tunampaka maji kwa pamba. Alikuwa anafuata pamba kwa midomo.

Kila asubuhi naitoa naitazama kwenye mwanga. Naweka alama kwa kalamu pale maji yalipofika.

---

Jicho Moja

Dada, hii ni hadithi, au?

---

Kimya Kingi

Imebaki nusu.